Vichwa vya Mtumba vya Eugen Häfele

Eugen Häfele hakuwahi kununua kichwa cha treni kilichokuwa kizima. Kizima ni cha wenye fedha za kuchezea, na yeye alikuwa mtu wa bonde la mto Fils, Uswabi, kusini mwa Ujerumani, ambako ukitupa kipande cha kamba jirani anakutazama kama umetukana kanisani. Yeye alinunua vibovu vya treni za mfano, vya saizi ya kiganja: kilichopoteza paa, kilichovunjika ngazi, kilichoanguka kutoka mezani kwa marehemu fulani na mjane akakifunga kwenye gazeti. Alivisaka katika masoko ya kubadilishana, yale yanayofanyika Jumapili kwenye kumbi za michezo majani yakianza kupukutika, wazee kwa wazee, meza kwa meza, harufu ya mafuta ya mashine ikichanganyika na ya soseji. Mfukoni alibeba lenzi, bisibisi ndogo na betri yenye nyaya mbili. Aligusisha nyaya tumboni mwa kichwa, akainama kuisikiliza mota. Ikikohoa alifurahi, kwa kuwa kinachokohoa bei yake inashuka, na kikohozi cha mota mara nyingi ni kaboni mbili za kupitishia umeme zilizokwisha.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaiita injini ya treni kichwa. Wajerumani hawana neno hilo lenye maana mbili, na nikikumbuka yaliyompata Eugen naona ni afadhali hawakuwa nalo.

Benchi lake lilikuwa katika chumba cha chini ya nyumba, kati ya mapipa ya mvinyo wa tofaa na mashine ya kufulia. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkereza vyuma kiwandani, na vidole vyake vilijua unene wa unywele bila kupimiwa. Alitoa koili ya zamani akaweka sumaku, akabadilisha magurudumu yaliyolika, kisha akalehemu ndani ile chipu ndogo ya siku hizi inayokifanya kichwa kutii amri, kuwasha taa na kupiga honi. Kichwa ambacho mwenzake alikilipia pensheni ya mwezi dukani, yeye alikipata kwa bei ya viatu vya mtoto. Hata plastiki ya kufunikia maungio ya nyaya aliona uchungu kuinunua. Badala yake alizungushia uzi wa hariri wa kijani, mabaki ya cherehani ya mkewe Gerlinde, akamalizia kwa fundo alilojifundisha mwenyewe. Klabu nzima ya treni ilimcheka kwa uzi huo.

"Ukishamaliza kukishona hicho kichwa, Eugen, nishonee na suruali," Rolf Stäbler alikuwa akimwambia. Rolf alikuwa tarishi mstaafu, rafiki yake tangu ujana, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Leta kitambaa," Eugen alimjibu. "Ila kwa kiuno hicho usilete cha suruali, leta cha hema."

Lazima uwajue Waswabi ili uelewe kwamba hao wawili walikuwa wakipendana. Kwao, asiyegombezwa ameshasifiwa, na wanaamini hivyo kuliko sala. Mume akimaliza sahani yake na kunyamaza, mpishi ameridhika. Mume akisema chakula ni kitamu sana, anaulizwa amefanya kosa gani. Anayekutania anakuhesabu mzima. Anakutwisha neno zito kwa sababu anajua mgongo unao. Eugen aliishi humo miaka sabini na ushee bila kusifiwa na mtu, na alikuwa mtu mwenye furaha.

Klabu yao ilikuwa na sheria moja ambayo mgeni aliambiwa kabla ya kuonyeshwa choo kilipo, na mwenye kuifundisha alikuwa Eugen. Transfoma za zamani, zile za boksi la buluu, zilitengenezwa enzi ambazo umeme wa majumbani ulikuwa na nguvu pungufu kidogo. Ukitaka kichwa kirudi nyuma, unasukumia kitufe chake kushoto, na boksi linapiga teke la umeme mkali. Vichwa vya zamani vinalitaka teke hilo, ndilo linalogeuza swichi yao. Chipu ikipigwa teke hilo inakufa, na umeme wa siku hizi umelizidishia teke ukali. Ndiyo maana pale klabuni kulikuwa na reli mbili za majaribio, moja ya boksi la buluu kwa vikongwe, nyingine ya boksi la kijivu kwa vichwa vyenye chipu.

"Buluu na chipu hawalali chumba kimoja," Eugen aliwaambia wageni. "Ukiwalaza pamoja, asubuhi unazika."

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, yeye ndiye aliyewalaza pamoja. Alikuwa amemaliza kichwa cha umeme cha rangi ya kijani, kazi ya majira mazima ya joto, na wenzake walisogea kukitazama. Akakiweka kwenye reli. Kikaenda mbele kwa kasi ya ajabu, taa zikiwaka kupita kiasi, na hapo mtu mwingine yeyote angeshtuka. Eugen hakushtuka. Akashika kitufe, akakisukumia kushoto. Kukasikika mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti, kichwa kikasimama, na moshi mwembamba ukatoka kwenye paa lake.

Akatazama mkono wake. Ulikuwa juu ya boksi la buluu.

Akangoja. Alijua kinachokuja: kama angekuwa mwingine aliyefanya hivyo, yeye mwenyewe angemsimanga mpaka Krismasi. Aliinua mabega kidogo kumpokea Rolf. Lakini Rolf alikiinua kile kichwa kwa vidole viwili, akakigeuza, akakirudisha mezani taratibu.

"Inatokea, Eugen," alisema. "Inamtokea kila mtu. Ila lehemu yako safi. Kazi nzuri sana hii."

"Mbona hunitukani?" Eugen aliuliza, akijaribu kucheka.

"Nikutukane kwa nini?" Rolf alisema, na macho yake yakaenda dirishani. Wengine wawili waliokuwapo walianza kukunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Hofu iliyomwingia saa ile ilikuwa na sura, na sura yenyewe ilikuwa ya mama yake. Mama yake, Klothilde, alikuwa mwanamke wa kuhesabu mayai kwa kuyasikia tu kuku wakitaga. Baba yake alikuwa mwashi, mkavu kama mawe yake, na nyumba yao iliendeshwa kwa kugombezana toka alfajiri. Kisha siku moja, Eugen akiwa mtu mzima mwenye nyumba yake, alikwenda kuwasalimu, mama akatia chumvi kwenye kahawa badala ya sukari. Eugen aliitema. Baba aliinywa mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Kahawa nzuri, Klothilde." Eugen alijua siku ile kwamba mama anaondoka. Aliondoka polepole, kipande kwa kipande, mpaka akawa anamwita mwanawe bwana wa gesi na kumwuliza kama amefuta viatu. Alifia katika nyumba ya wazee kilimani akiwa mpole, naye kabla ya hapo hakuwahi kuwa mpole.

Sasa Rolf alikuwa ameisifu lehemu.

Eugen hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani, akasema kichwa cha kijani kimeharibika mota, na hofu ikahamia kwake kama mpangaji asiyelipa kodi. Kila jambo dogo lilikuwa ushahidi. Akisahau miwani, anajiuliza kama ni uzee au ni ule ugonjwa wa mama yake. Akilikosa jina la mwigizaji kwenye televisheni, jasho linamtoka chini ya shati. Akifagia ngazi za nyumba, walizopokezana na jirani wa juu, zamu yao ikifika, alikuwa akitaja kimoyomoyo stesheni zote za reli toka Ulm hadi Stuttgart, kisha akazitaja kinyume, na akikwama anaegemea ufagio mpaka pumzi imrudie. Asubuhi alikuwa akilala macho wazi, akingoja kwanza ajue leo ni siku gani kabla ya kuthubutu kugeuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Waswabi wanao msemo wao wa namna hiyo, na Eugen aliijua yote. Ningekuwa karibu ningemtikisa. Lakini ni rahisi kuwa jasiri kwa kichwa cha mwenzio.

Jambo lililomtisha kuliko yote ni kuwa watu wamekuwa wapole. Klabuni alivutiwa kiti. Alikatiwa kipande kikubwa cha keki. Aliposema neno la kipuuzi kuhusu relwe za Uswisi, ambalo zamani lingezua vita mpaka jioni, waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeutaja uzi wa kijani. Alikaa kati yao na kipande chake cha keki, akaogopa kama mtoto aliyeachwa kwenye ukumbi wa hospitali, kisha akaacha kwenda.

Mwezi wa kumi na moja lilifunguliwa soko la kubadilishana katika mji wa jirani, na Gerlinde ndiye aliyemhimiza aende. "Utaota kuvu humo chini," alisema. Hilo lilikuwa karibu na kugombezwa, naye akavaa koti upesi.

Kwenye meza ya pembeni alimkuta mchuuzi wa Nuremberg, mtu mnene asiyemjua wala kujuliwa naye. Katikati ya vitu vyake kulikuwa na kichwa kidogo cheusi cha mvuke, rangi imechubuka, bafa moja ya kuzuia mgongano imepinda. Eugen alitoa lenzi.

"Hicho kina chipu tayari," mchuuzi alisema. "Ila kinatembea kama wewe, mzee. Kinaburuta mguu."

"Basi nitalipa bei ya mguu mmoja."

"Unataka mke wangu anifukuze nyumbani?"

"Mwambie umekutana na Mswabi. Atakuwekea chakula kwa huruma."

"Shikilia mfuko wako kwa mikono miwili, usije ukakutoroka," mchuuzi alisema, na akashusha bei. "Chukua, uondoke na uso huo. Unanifukuzia wateja."

Eugen aliondoka mwepesi. Mtu asiyemjua alikuwa amemtukana vizuri, bila kumpunguzia. Ndani ya gari alitaja stesheni zote mbele na nyuma bila kukwama hata moja, na alipofika karibu na nyumbani alikuwa akipiga mluzi. Labda ni ile siku moja tu, alijiambia. Labda mkono umeteleza. Mkono wa mzee unateleza.

Gerlinde alikuwa jikoni, dengu ziko motoni. Eugen alishuka moja kwa moja kwenye benchi, akawasha taa, akalegeza skrubu na kuinua bodi ya kichwa cheusi aone ni fundi gani aliyeweka chipu.

Kwenye maungio ya nyaya kulikuwa na uzi wa hariri wa kijani.

Alivaa lenzi. Fundo lilikuwa lake. Halikuwa linafanana na lake. Lilikuwa lake, na mkia wa uzi umekatwa mshazari jinsi anavyokata yeye, kwa wembe, ili usikwame kwenye giya. Alikuwa amekibeba kichwa hiki mikononi mwake, amekichungulia kwa lenzi mbele ya watu, amepatana bei yake, na hakikumwambia kitu. Aliinama akajaribu kukumbuka. Alikipata wapi kwanza? Alikiuza lini, kwa nani? Hapakuwa na kitu. Si kwamba picha ilikuwa na ukungu. Hapakuwa na picha.

Pengine ni zamani, aliwaza. Amevitengeneza vingi mno, nani angevikumbuka vyote? Alishikilia wazo hilo. Lakini wazo halikutosha, alitaka kusikia kutoka kwa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa juu ya ngazi. Gerlinde aliwahi kumgombeza toka Krismasi mpaka Pasaka kwa sababu ya nyundo aliyoinunua wakati nyingine ipo stoo. Kununua tena kwa fedha taslimu kitu ulichokiuza mwenyewe, Uswabi, ni jambo la kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Akigomba, basi mambo ni mazima. Eugen alikichukua kichwa akapanda nacho, akaketi kwenye ngazi ya juu kabisa, mlangoni pa jikoni.

"Gerlinde."

"Nini. Usikae hapo, nitakukanyaga."

"Nimenunua kichwa changu mwenyewe." Akamwinulia akione. "Nimekitengeneza mimi, nimekiuza mimi, na leo nimekilipia tena."

Alimngoja. Gerlinde alitoa mwiko kwenye sufuria, akaulaza juu ya sahani. Alikitazama kichwa, akautazama uzi wa kijani, uzi wa cherehani yake.

"Ni kizuri," alisema. "Umefanya vizuri kukirudisha."

Eugen alikishusha kichwa mapajani.

"Nilikiuza lini?" aliuliza.

"Haijalishi."

"Lini, Gerlinde?"

"Mwaka huu. Kabla ya Pasaka, kwenye maonyesho ya klabu. Mimi nilikuwa pale mezani kwenye keki." Aliipangusa mikono yake kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Ulifurahi sana siku hiyo. Ulininunulia maua."

"Maua," Eugen alisema. Hakuyakumbuka. Katika maisha yao yote alimnunulia maua mara chache hivi kwamba kila mara ilikuwa habari, na habari hii haikuwamo. "Rolf anajua?"

Gerlinde aliitikia kwa kichwa.

"Nani alimwambia?"

"Mimi." Gerlinde alivuta kiti, akakaa karibu na mlango, magoti yake yakigusa bega la mumewe. "Mwezi wa nane ulikwenda na gari ukanisubiri mlangoni pa duka la mikate, unichukue nikitoka kazini. Mwenye duka akanipigia simu. Alisema bwana Häfele ameegesha hapo nje tangu saa tatu, anatabasamu, anasema mkewe anachelewa kutoka leo."

Gerlinde alikuwa amestaafu duka lile kabla ya paka wao wa kwanza kufa.

"Sikumbuki," Eugen alisema.

"Najua. Nilikuja kwa basi, nikaingia garini, tukarudi. Ulinisimulia habari za mota njia nzima." Sauti yake ilikuwa laini, laini mno, na kila neno laini lilimchoma. "Nikamwomba Rolf na wenzake wasikupigie kelele. Niliogopa wangekuvunja moyo. Nimechukua miadi kwa daktari, Jumatano. Kila siku nilisema nitakwambia leo, nikakuona umeinama kwenye benchi lako, nikashindwa."

Kwa hiyo muda wote ule aliokuwa akimficha mkewe, yeye naye alikuwa akifichwa. Walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja akiwa macho, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma gizani. Eugen alitaka kukasirika lakini hofu ilikuwa imejaa, hasira haikupata mahali pa kukaa. Alimwona baba yake akiweka kikombe chini. Aliona jinsi miaka itakavyokuja: viti vikivutwa, vipande vikubwa vya keki, kila mtu akimsifu kwa kuvaa soksi, na mke wake akizidi kuwa mpole kila siku mpaka asimjue ni nani.

"Nitakwenda Jumatano," alisema. "Nitakaa kitako nijibu maswali yao yote. Lakini naomba kitu."

"Sema."

"Nigombeze."

"Eugen, acha."

"Nimetoa fedha mara mbili kwa kitu kimoja. Mwanamke wa bonde hili anakalia kiti ananiambia umefanya vizuri? Ukinisifu mimi nimeshakufa, Gerlinde. Sijafa. Mpaka daktari aseme, mimi ni mumeo, tena mume mpumbavu. Nigombeze, tafadhali."

Gerlinde aliweka mkono mdomoni. Eugen hakujua kama angeweza. Kisha aliinuka, akachukua mwiko.

"Haya," alisema, na sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Haya, Eugen Häfele. Viatu. Umeshuka na kupanda ngazi zangu na viatu vya nje, na zamu ya kufagia ni yetu wiki hii, si ya mama Kächele wa juu. Fedha umezimwaga sokoni, kwa mchuuzi, ambaye sasa hivi anawasimulia wenzake na kushika mbavu. Mjinga mwenye lenzi. Uzi wangu wa hariri, ambao marehemu mama alininunulia, unatembea Ujerumani nzima kwenye matumbo ya treni, na mimi nikitaka kushona kifungo naambiwa umekwisha. Na unakuja kunikalia njiani kama gunia la viazi, dengu zinaungua, na unalia, mtu mzima."

Yeye mwenyewe alikuwa analia, machozi yakishuka mpaka kidevuni, lakini hakunyamaza. Alihama kwenye uzi akaenda kwenye mapipa ya mvinyo, kwenye ile nyundo, kwenye harusi yao ambako Eugen alikanyaga gauni lake. Dengu ziliungua kweli, na hakuna aliyekwenda kuziepua. Eugen alikaa kwenye ngazi na kichwa cheusi mapajani, hofu ikiwa palepale ilipokuwa, akimsikiliza neno kwa neno na kuomba asimalize upesi.